Babu wa Saïo, na wale wenye hawakuandikwa

Hapa Bukavu kila mutu anajua Camp Saïo. Mupanda moto unamuambia tu « Saïo », anakufikisha. Lakini uliza watu kumi kwenye barabara: Saïo ni nini? Mumoja atasema ni jina ya mukubwa fulani wa Wabeleji, mwingine atacheka tu. Saïo ni muji wa mulimani kule Ethiopia, siku hizi unaitwa Dembidolo. Tarehe 3 julai 1941, jenerali Gazzera wa Italia alijitoa pale mikononi mwa askari wa Force Publique. Askari wenyewe walikuwa Wakongomani, wakubwa wao Wabeleji. Walitoka Kongo, wakaingia Sudan, wakafuata Nile, wakakamata Asosa na Gambela mbele ya kupanda ule mulima. Njaa na magonjwa viliwaua pamoja na risasi. Wazee wenye walirudi walikuwa wanasema « Abisinia », na sisi watoto tulifikiri ni hadisi ya jioni.

Kuko familia za huku zenye kuwa na hadisi ya zamani zaidi. « Babu alienda Tabora. » Ile ni vita ya kwanza. Wadachi walikamata kisiwa cha Idjwi katika mwezi wa 9 mwaka 1914, kwa hiyo vita ilikuwa hapa kwenye ziwa letu, si mbali. Mwezi wa 4 mwaka 1916 kikosi cha Olsen kikavuka Ruzizi upande wa Shangugu, hapa ngambo. Tarehe 19 septemba Force Publique ikaingia Tabora. Sasa angalia vizuri: askari mumoja mwenye bunduki, nyuma yake watu wengi wenye mizigo kwenye kichwa. Wapagazi wa ile vita walipita 200 000. Masanduku ya risasi, unga, hema za wakubwa, vyote vilienda kwa shingo ya mutu. Wengi walikufia njiani kwa njaa na kuhara. Njo maana nyumba nyingi ziko na hadisi ya Tabora lakini hazina karatasi wala medali. Babu yao hakuongopa. Alibeba muzigo, hakubeba bunduki, na muzigo haukumupa medali.

Kwetu sisi watu wa mugodi jambo linaenda mbali zaidi. Mwaka 1942 Wajapani walikamata Malesia, na bati ya kule ikapotea kwa Waingereza na Wamarekani. Wakageukia Kongo: bati, shaba, mupira, na urani ya Shinkolobwe. Siku za kazi ya lazima kijijini zikatoka 60 kwa mwaka zikafika 120. Waliita ile « effort de guerre », na wazee wetu walijua maana yake kwa mugongo. Kwa hiyo katika nyumba moja ndugu mumoja alienda na bunduki, mwingine akabaki na pawa. Wa kwanza tunamuita mupiganaji wa zamani. Wa pili tunamuita nani?

Tena kuko neno lenye watu hawapendi kusikia siku ya sherehe. Mwezi wa 12 mwaka ule ule wa Saïo, 1941, wafanya kazi wa Union Minière kule Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, waligoma juu ya mushahara. Askari wa Force Publique waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mupira. Léonard Mpoyi, mwenye alikuwa anasema kwa jina la wafanya kazi, aliuawa pale. Uniforme ni moja. Kwa hiyo mimi wa sendika nikisikia mutu anasema « muzee wangu alikuwa askari », ninamupa heshima, na ninauliza: alikuwa wapi, mwaka gani, alitumwa kufanya nini? Heshima ya familia inaweza kubeba yale maulizo. Muzee mwenyewe, kama angali muzima, mara nyingi anangojea mutu wa kumuuliza.

Serikali zinakumbuka polepole. Kaporali Albert Kunyuku, mwenye alitumika Birmania katika vita ya pili, alivalishwa medali na mufalme Philippe wa Ubeleji kule Kinshasa mwezi wa 6 mwaka 2022, akiwa na miaka 100. Tangu vita iishe miaka 77 ilikuwa imepita. Wenzake walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kazi ya sendika imenifundisha kitu kimoja juu ya karatasi. Mwanaume anatumika miaka makumi kwenye mugodi, anakufa, mujane anakuja na picha moja tu na jina la kubatizwa. Kwenye liste jina lake ni lingine kabisa. Na kwa askari ni vile vile: walimuandika jina la kijiji, ao la baba, ao vile karani alisikia.

Kwa hiyo toeni yale mabuku ya zamani kwenye sanduku mbele panya hawajayakula. Fanyeni fotokopi, moja ikae kwa ndugu mwingine. Andikeni majina yote yenye muzee aliitwa, kijiji chake, chifu wake, matrikule kama iko, na jina la mwenzake hata mumoja. Medali musiiuzishe. Na kama hakuna karatasi, kaeni na bibi, mwenye alilala kwenye kampi na watoto akingojea, muandike vile anasema, na jina lake yeye pia.