Wasia, Hiba, Mirathi na Wakfu: Tujue Tofauti Zake

"Marehemu alisema nyumba ni yangu." Kauli hii husikika hata matanga hayajaondolewa, na ndugu waliolelewa pamoja wakafikishana kwa Kadhi. Mara nyingi ubaya si uchoyo, ni kutojua maana ya neno. Tuyatazame manne.

Hiba ni zawadi mtu aitoayo akiwa hai na mzima, kisha akaikabidhi. Mzee aliyesema tu "nyumba hii nitakupa", naye akaishikilia hadi kufa, hakutoa hiba bali alitoa ahadi. Atoaye katika maradhi yaliyomwua, hiba yake huhesabiwa kama wasia.

Wasia ni agizo la kutekelezwa baada ya kufa. Hauzidi thuluthi ya mali, wala hapewi mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Na hapa ndipo wengi wanapoghafilika. Mjukuu aliyefiwa na babake harithi kwa babu ikiwa ami yake yu hai. Mtoto wa kulea naye harithi. Mlango wao ni hiba au wasia. Mzee akinyamaza, watatoka mikono mitupu.

Mirathi ni mafungu yaliyokwisha kupangwa na sheria. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, pamoja na mahari ambayo mke hajalipwa, kisha wasia. Kinachobaki ndicho kigawanywacho. Tuseme zimebaki shilingi 3,200,000, na marehemu, ambaye wazazi wake walimtangulia, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke atapata thumuni, yaani 400,000, mwana 1,400,000, na kila binti 700,000. Kumwambia mjane "wewe umeolewa tu, huna chako" ni dhuluma.

Wakfu ni mali iliyofungwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Manufaa yake tu ndiyo yatumiwayo, kama alivyosharutisha mwenyewe.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, yampa Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa naye. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Basi, ndugu msomaji, kama una mjukuu yatima nyumbani, usingoje kesho. Andika, weka mashahidi, na umwulize ajuaye. Kuuliza si ujinga.