Kabla ya kupiga luku jimu, angalia soli ya kiatu

Umeamua mwezi huu lazima uingie jimu. Ada umeshaipigia hesabu. Kinachokurudisha nyuma ni swali moja tu: nitavaa nini? Mimi pia nilijiuliza hivyo, nikajijibu vibaya.

Nilikuwa nimeacha chuo, naishi Ruiru kwa vibarua vya kuandika mtandaoni. Siku moja nikashika elfu tatu. Nikanunua raba za kukimbia zenye soli nene kama mkate, glavu, na mkanda mpana wa kiunoni. Luku ilikuwa noma! Siku ya tatu nikaweka chuma mabegani, nikachuchumaa. Nilipojaribu kuinuka, soli ya kushoto ikabonyea, goti likaingia ndani, chuma kikainamia upande mmoja. Wasee wawili wakakidaka. Mgongo uliniuma wiki mbili, na ada ya mwezi ikaenda hivyo.

Mmoja wao, fundi wa kuchomelea, aliniangalia miguu akacheka. "Buda, uzito haujakushinda. Umesimama juu ya godoro."

Anza na kiatu

Raba ya kukimbia imetengenezwa iwe laini ili imeze kishindo cha mguu unapotua. Kwa mbio ni sawa kabisa. Lakini ukibeba uzito, ulaini huo unakuyumbisha. Unataka soli bapa na ngumu. Zile raba za turubai za Bata tulizovaa shuleni zinatosha. Wanyanyuaji wa mashindano huvaa viatu vyenye kisigino kilichoinuka, ni kweli, lakini kisigino hicho ni kigumu kama mbao.

Ukienda mitumba, ingiza mkono ndani ya kiatu ubonyeze kisigino kwa kidole gumba. Kikizama, kirudishe. Ukikosa saizi yako pale Ruiru, panda matatu hadi Thika, uzunguke Soko la Jamhuri asubuhi kabla wengine hawajachagua.

Nguo: chuchumaa kwanza, lipa baadaye

Kaptura au taiti yoyote uipendayo, ijaribu kwa kuchuchumaa hadi chini. Ikikubana mapajani au ikikuvuta kiunoni, iache. Taiti ivute kwenye mwanga. Ukiona mkono wako upande wa pili, watu wa jimu nao wataona. Dada yangu, kama kuna pesa ya kuongeza, iweke kwenye sidiria ya michezo inayokushika vizuri.

Tishati ya pamba ya soo mbili haina shida. Inanyonya jasho na kuwa nzito, lakini ukilala kwenye benchi haitelezi kama zile za kung'aa. Soksi ziwe ndefu. Jimu nyingi za mtaani hutumia vyuma vya jua kali, na vingine vina makwaruzo. Ukiinua kutoka sakafuni vitakuchuna muundi. Halafu, kila nguo ya mtumba ifue na uianike juani kabla hujaivaa.

Vitu vya kungojea

Mkanda haubebi uzito kwa niaba yako. Kazi yake ni kulipa tumbo kitu cha kusukuma ukivuta pumzi na kukaza, ndipo mgongo usimame imara. Kama hujajua kukaza tumbo bila mkanda, utakuwa umevaa pambo tu. Glavu nazo hunenepesha chuma mkononi, na kukishika kunakuwa kugumu zaidi. Sugu zitakuja, zizoee.

Taulo ndogo, hiyo usiisahau. Itandike kwenye benchi kila mara. Choa hakiulizi umevaa kampuni gani. Na chupa ya maji, hata ile ya soda uliyoosha.

Ningerudishiwa ile elfu tatu leo, ningenunua raba bapa, kaptura moja, tishati mbili, soksi na taulo. Chenji ingebaki, ningeongezea kwenye ada ya mwezi wa pili, maana mwili haujengeki kwa mwezi mmoja.

Mkanda wangu ulikaa nyuma ya mlango karibu mwaka mzima kabla sijauhitaji. Wako unaweza kungoja dukani. Jumatatu nenda na ulichonacho, mradi hukusimama juu ya godoro.