Kanitini katika Utegili: Namna Mwili Unavyotumia Mafuta

Kanitini ni kemikali ndogo inayozivusha asidi ndefu za mafuta hadi ndani ya mitokondria, yaani sehemu ya seli inayochoma chakula ili kupata nguvu, na pasipo kanitini mafuta hayo hubaki nje hata kama moyo na misuli vinayahitaji. Iligunduliwa mwaka 1905 katika nyama, na hadi leo nyama nyekundu ndiyo chanzo chake kikuu, ikifuatwa kwa mbali na maziwa, ilhali ndizi, magimbi na maharage, vyakula vya kila siku katika kaya nyingi za wilaya ya Rungwe, Tanzania, vina kanitini kidogo mno. Hilo halimaanishi kwamba mla ndizi wa Matwebe, wilayani humo, atapungukiwa, kwa kuwa ini na figo huitengeneza kutokana na lisini na methionini, ambazo ni asidi amino za protini, na lisini imo tele katika maharage yaleyale. Walio hatarini zaidi ni waliorithi hitilafu katika mlango unaoiingiza kanitini ndani ya seli, wanaosafishwa damu kwa mashine, na baadhi ya watumiaji wa valproeti, dawa ya kifafa.

Ili kuipima, damu huzungushwa kwa kasi mpaka chembe zitengane na utegili, yaani maji ya damu yenye rangi ya manjano, kisha protini huondolewa kwa kimiminika kama methanoli. Kinachobaki huingizwa katika spektrometa ya tungamo, mashine inayozipa molekuli chaji ya umeme na kuzichambua kulingana na uzito wake kwa chaji hiyo. Kanitini huonekana kwenye namba 162. Ikishikamana na mafuta huitwa asilikanitini, nayo huwa nzito zaidi, kwa mfano 204 au 400, lakini zikivunjwa ndani ya mashine zote hutoa kipande kimoja chenye namba 85, na kwa alama hiyo familia nzima hutambuliwa kwa mkupuo mmoja. Kiasi hujulikana kwa kulinganisha na kanitini iliyotiwa hidrojeni nzito, ambayo huongezwa kwenye sampuli kwa kipimo kinachojulikana tangu mwanzo. Katika utegili wa mtu mzima mwenye afya, kanitini huru, yaani isiyoshikamana na mafuta, huwa takriban mikromoli 25 hadi 50 kwa lita.

Thamani ya kipimo hiki kwa Afrika Mashariki ilidhihirika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa na watafiti wa Uganda na wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kwa watoto wenye utapiamlo mkali katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Watoto hao walipolazwa, asilikanitini katika damu yao zilikuwa juu, ishara kwamba miili ilikuwa ikiunguza akiba yake ya mafuta, na zilishuka walipolishwa na kutibiwa. Waliokuwa na leptini kidogo, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na hivyo hupungua akiba hiyo inapopungua, ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Ugunduzi huo unastahili kufahamika na kila anayemhudumia mtoto aliyekonda, kwa kuwa unadokeza kwamba akiba ya mafuta huchangia kumshikilia asife.

Kwa zahanati za Rungwe, spektrometa ya tungamo iko mbali, lakini matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, njia inayotumika tayari Tanzania kupima virusi vya UKIMWI kwa watoto wachanga, yanaweza kupimwa asilikanitini pia bila kuhitaji barafu njiani. Matokeo yakitia shaka, utegili hupimwa ili kuthibitisha, kwani chembe nyekundu nazo hubeba kanitini yake na huweza kuficha upungufu.