Baiskeli Yako Isimzibie Jirani Njia

Ukifika dukani na baiskeli yako, unaiweka wapi? Wengi huiegemeza ukutani au kwenye nguzo ya baraza, ama huiacha kando ya barabara tu. Husema, "Nanunua chumvi na sabuni, kisha naondoka." Lakini katika muda ule mfupi mtu aweza kuumia.

Tazama jinsi Makobola ilivyo. Upande mmoja ni milima, upande wa pili ni ziwa Tanganyika, na katikati hupita barabara kuu namba 5 itokayo Uvira kwenda Baraka na Fizi. Katika njia ile ile hupita malori, pikipiki, watoto wa shule, na mama wenye mihogo kichwani. Baiskeli tatu zikiziba mbele ya duka, mama hana pa kupita, hushuka barabarani. Mzigo humzuia kugeuza kichwa upesi, naye haoni gari lijalo nyuma yake. Kipofu naye, fimbo yake hupita chini ya baiskeli, na kifua chake hugonga usukani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu karibu 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakienda kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki. Basi hili si jambo dogo.

Je, tuwafukuze wenye baiskeli? Hapana. Wao ndio waletao ndagala, mawese na unga, nao ndio wanunuzi. Tuwape mahali. Mwenye duka, fanya hivi:

1. Chagua mahali kando ya mlango, si mbele yake, unapoweza kupaona ukiwa ndani. Mwizi huogopa macho ya watu.

2. Kati ya baiskeli na barabara acha njia ya mita 1.5, ili watu wawili wenye mizigo wapishane.

3. Simika nguzo mbili za mti mgumu au za chuma, zikiachana sentimita 80. Zizamishe ardhini sentimita 50, ushindilie kwa mawe. Juu yake funga mti wa kulala, kimo cha sentimita 75. Itafanana na goli dogo la mpira. Baiskeli mbili zitaegemea, moja kila upande.

4. Kati ya goli na goli acha mita 1. Kwa baiskeli za mizigo, acha mita 1.5 au zaidi.

5. Mwaga changarawe chini. Wakati wa mvua, fimbo inayotegemeza baiskeli yenye mzigo huzama katika tope, na baiskeli nzito yaweza kumwangukia mtoto.

Katika mji wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 2019 walimaliza kujenga mahali pa baiskeli 12,500 chini ya stesheni ya gari-moshi. Sisi hatuhitaji jengo kama lile. Miti mitatu yatosha kuanza.

Nawe mwenye baiskeli, ukiwekewa mahali, patumie. Funga mwili wa baiskeli kwa kufuli, si gurudumu peke yake. Maana mwizi aweza kulifungua gurudumu, akaliacha pale, akaenda na baiskeli. Kama chuma cha kubebea mizigo kina ncha kali, ifunge kwa mpira wa tairi la zamani.

Mtu akikatwa na chuma, usitie udongo wala mavi ya ng'ombe katika kidonda. Vijidudu vya pepopunda hukaa humo. Kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, osha kwa maji safi na sabuni, kisha mpeleke kwa mganga wa zahanati aulizwe juu ya chanjo ya pepopunda. Kama amegonga kichwa, naye anatapika au anasinzia, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja.

Enyi wenye maduka mnaopakana, kutaneni siku moja na fundi wa mbao, mpime kwa kamba mbele ya kila duka. Anzeni na duka lenye watu wengi zaidi.