Kupanda ni Injini, Kushuka ni Breki

Atokaye Ngagara, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura uliojengwa katika miaka ya 1950 na OCAF, Ofisi ya Miji ya Waafrika, hana safari ndefu kabla ya kukabiliwa na mlima. Barabara ya Taifa nambari 1 huanza kupanda mara tu mji unapoachwa nyuma, na katika kilomita zipatazo 35 humtoa dereva kwenye tambarare ya Ziwa Tanganyika, mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, ambako mita 2,000 zimekwisha kupitwa. Kwa miaka mingi barabara hiyo imejulikana kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakishika mkia wa malori kupanda, kisha wakateremka kama mishale na mikungu yao ya ndizi. Ni barabara hiyo iwezayo kuamua kama Land Rover ya zamani inastahili kutiwa injini mpya ya dizeli.

Swali hilo si geni kwa askari na polisi, ambao wengi wao wamejifunza udereva, au angalau kusukuma gari, kwa magari ya namna hiyo. Ubelgiji, iliyoitawala Burundi hadi 1962, ililiundia jeshi lake Land Rover katika kiwanda cha Minerva kuanzia 1952. Wala magari hayo hayajafa: Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, yakakusanyika kwa mamia.

Tuichukue Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Injini yake ya petroli ni ya sentimita za ujazo 2,286. Ni mvumilivu, lakini hunywa sana na huchoka mlimani, kwani kila injini ivutayo hewa kwa mapafu yake yenyewe hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Dizeli yenye tabo hupulizwa hewa, hivyo hasara hiyo huipungukia sana. Yako pia mambo mawili ambayo mtu wa kambini atayaelewa upesi kuliko raia. Kwanza, mvuke wa petroli huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, hali dizeli, au mazutu kama tuitavyo hapa, huhitaji kupashwa joto lipitalo nyuzi 50. Pili, kikosi ambacho malori yake yote hutumia mazutu hakifurahii gari moja linalodai pipa lake la peke yake.

Injini ipendwayo na mafundi kwa kazi hii ni 200Tdi, iliyotoka mwaka 1989, ya sentimita za ujazo 2,495. Sababu ya kupendwa si siri: ni mjukuu wa injini ile ile ya kale, na matundu yake ya bolti hulingana na giaboksi ya Series. Hutumia pampu isiyohitaji kompyuta. Injini za siku hizi zina nguvu zaidi, hapana shaka, lakini hutegemea kompyuta, vihisio na mafuta safi yanayosukumwa kwa shinikizo kubwa mno. Maji kidogo katika tangi huziharibu nozeli. Kwa gari litakalolala kituo cha mpakani, mimi ningechagua pampu ya zamani bila kusitasita.

Lakini injini haiendi peke yake. Ile ya petroli ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ipatayo newton-mita 160; 200Tdi inatoa 255. Ziada hiyo yote hupita katika klachi, giaboksi, propela, difu na shafti za magurudumu, vyombo vilivyokadiriwa kwa kazi ndogo. Shafti za nyuma za Series zilikwisha kuwa na sifa ya kukatika hata kabla ya tabo kuzaliwa. Dereva akiachia klachi kwa pupa, gari limejaa askari, atausikia mlio wake.

Halafu difu. Ile ya asili ina uwiano wa 4.7 kwa 1, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa injini huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ndiyo maana wengi huitoa na kutia ile ya 3.54, mizunguko ikashuka hadi 2,200 hivi, gari likatulia na mafuta yakapungua. Kwenye tambarare ya Imbo hilo ni jambo jema. Kuteremka Bugarama ni habari nyingine: katika gia ile ile, injini sasa inazunguka pungufu kwa robo, na uwezo wake wa kulizuia gari umepungua kwa kiasi hicho. Mzigo huo huzibebesha breki za ngoma, ambazo zikichemka hulegea. Ni afadhali kuibakiza difu ya 4.7 na kufunga gia ya nyongeza nyuma ya giaboksi, mradi isitumiwe kupandia mlima na mzigo.

Na lipo kosa baya kuliko yote, tena lisiloonekana kwa macho. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia kilango chembamba, na mvuto huo ndio uendeshao sevo ya breki. Dizeli haina kilango hicho. Pampu ya kuvuta hewa isipokuja pamoja na injini, dereva atakanyaga pedali ngumu kama jiwe. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie hapo, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, sevo inafanya kazi. Isipozama, gari lisitoke gerejini.

Mkanda wa taimingi ubadilishwe kabla injini haijafungwa, kwa kuwa hakuna ajuaye umesafiri kilomita ngapi katika gari la kwanza. Rejeta nayo iwe ya injini mpya, maana anayepanda polepole nyuma ya lori hapati upepo wa kumpoza.

Linabaki suala la nambari. Injini iliyonunuliwa huja na nambari yake, nayo yaweza kuwa imetoka katika gari lililoibwa. Hati ya mauzo yenye nambari hiyo itunzwe pamoja na karte rozi, na badiliko liandikishwe kabla polisi wa barabarani hajaomba boneti ifunguliwe.