Kuacha mshahara ukiwa na miaka arobaini na mitano

Mwaka 1857 askari mmoja wa Sultani wa Zanzibar, aliyekuwa akilinda ngome ya Chogwe katika bonde la Mto Pangani, aliacha lindo akaingia kazi ya misafara. Jina lake Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akaishi Gujarat miaka mingi na kurudi Zanzibar akiwa huru baada ya bwana wake kufa. Inakadiriwa alizaliwa karibu 1820, kwa hiyo alikuwa mtu mzima anayekaribia miaka arobaini.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke hawakumhitaji kwa bunduki yake. Askari walikuwa tele. Speke hakujua Kiswahili, ila alijua Kihindustani, na Bombay alikijua pia. Lugha ambayo pale ngomeni haikumwongezea hata senti ndiyo iliyompa kazi mpya. Akaendelea na misafara mingine ya Wazungu: ya Speke na Grant mwaka 1860, Stanley 1871, Cameron 1873. Pale vita vya mtemi Mirambo wa Wanyamwezi vilipofunga njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji, yeye ndiye alikuwa kapteni wa watu wa Stanley waliozunguka kusini mwa Tabora kupitia Ugunda na Ukonongo, upande ambao leo barabara ya Mpanda inaupitia ikikata Sikonge na Ipole.

Namtaja kwa sababu watu wa makamo wanaotaka kuacha ajira ili wawe washauri elekezi huanza na cheo, si na ujuzi kama ile lugha ya Bombay. Mtu anasema, "Nimekuwa mhasibu mwandamizi miaka kumi na minane." Cheo hicho ni mali ya kampuni, na utakirudisha pamoja na kitambulisho. Mimi humuuliza: watu hukufuata kwa jambo gani nje ya majukumu yako? Hapa Sikonge mhasibu aliyekaa kwenye tumbaku anaweza kujibu kwamba viongozi wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) humpigia simu usiku kila makato yanapoleta ugomvi. Mkulima anashika karatasi yake: kilo alizouza, daraja la kila mtumba, mkopo wa mbolea, makato ya chama, kilichoingia benki. Jumla hailingani na daftari lake, na katibu hawezi kumweleza. Anayeweza kukaa na karatasi zile mkulima kwa mkulima, kabla mkaguzi hajafika, ana kitu cha kuuza. Vivyo hivyo bwana nyuki anayejua kupima unyevu wa asali na kukiambia kikundi kwa nini mzigo uliozidi asilimia 20 haufikii kiwango cha kimataifa cha Codex.

Bei ndiyo inayowaangusha wengi. Tuseme mshahara ni shilingi 2,400,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 22 za kazi unapata kama 109,000, na wengi hutaja hiyo kwa mteja wa kwanza. Ni kujipunja. Mshauri hauzi siku 22. Siku nyingine zinakwenda kutafuta kazi, kuandika maombi, kusafiri hadi kata ya Kitunda na kurudi, kufuatilia malipo. Ukipata siku 10 za kulipwa, umefanya vizuri. Ongeza mchango wa hifadhi ya jamii ambao mwajiri alikuwa akikuchangia, tuseme 240,000, kisha nauli, simu, intaneti, matibabu na miezi mikavu, tuseme 860,000. Jumla inafika 3,500,000, yaani 350,000 kwa siku. Mteja atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada yako. Dai cheti cha makato hayo, maana utayahesabu unapofunga hesabu zako na Mamlaka ya Mapato (TRA).

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, soma sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyeachishwa kazi bila kosa lake mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Anayeacha mwenyewe hapati haki hiyo. Mafao ya uzeeni nayo husubiri miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima, kwa hiyo mwenye miaka 45 asiyaingize kwenye mtaji. Wapo wanaoyahesabu hivyo, na inaniuma, kwa sababu aghalabu ada ya shule ya watoto ndiyo inayoyumba kwanza.

Bombay alipata nishani ya fedha ya Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, na mwaka 1876 chama hicho kikampa pensheni, miaka tisa kabla ya kifo chake. Hiyo ilikuwa hisani ya watu wa mbali. Aliyejiajiri leo anaweza kujiandikisha kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF na kuchangia mwenyewe, na aanze mwezi uleule anaoacha mshahara.

Mteja wa kwanza apatikane ukiwa bado kazini, kwa likizo yako na kwa ridhaa ya mwajiri, hasa kama mwajiri huyo anafanya biashara na mteja huyohuyo. Mkataba useme kazi gani, siku ngapi, nani anapokea ripoti, na kwamba sehemu ya ada inalipwa kabla hujafungua daftari. Sehemu iliyobaki ipangwe kufuata msimu: AMCOS ya tumbaku mwezi wa kupanda haina fedha hata kama viongozi wake ni waaminifu, lakini masoko yakishafunguliwa na malipo kuanza kuingia benki, ankara yako inapaswa kuwa tayari iko mezani kwa katibu.