Baba, Chombo na Msimu wa Kusi

Askari anapokaribia kustaafu huanza kupiga hesabu ya kiinua mgongo chake. Mmoja hutaka duka, mwingine gari la abiria, mwingine boti ya uvuvi, na siku hizi wapo wanaotaka kuanzisha kampuni ya programu za simu. Katika hesabu hiyo huandikwa bei ya mashine, kodi ya pango na ujira wa wafanyakazi. Ni mara chache kuandikwa humo saa za watoto. Nasi twaona kuwa hapo ndipo penye neno, kwa sababu mtu aliyeutumia ujana wake kambini na lindoni hurejea nyumbani akiwa na deni la malezi, na biashara changa haichelewi kuzichukua saa zile zile alizokusudia kulilipia deni hilo.

Mwajiriwa anayo sheria ya kumkinga. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilimpa baba aliyejaliwa mtoto likizo ya majuma 2 yenye mshahara. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa siku zisizopungua 3. Askari hatawaliwi na sheria hizo bali na kanuni za jeshi lake. Hata hivyo naye anaye mkubwa wa kumtilia saini ruhusa. Lakini aliyejiajiri mwenyewe atamwomba nani ruhusa? Yeye ndiye kamanda, yeye ndiye kuruta, na mara nyingi kamanda huyo humnyima kuruta likizo mwaka baada ya mwaka.

Jawabu la swali hilo tunaweza kulitafuta kwa watu wasiopata kuajiriwa na mtu, nao ni wavuvi wa visiwa vya Wabajuni. Visiwa hivyo vimejipanga kama mlolongo kutoka kusini ya Kismayo hadi karibu na mpaka wa Kenya. Vinavyojulikana zaidi kwa makazi ni Koyama, Chovai na Chula. Baadhi ya wasomaji wetu wameiona pwani hiyo kwa macho yao, kwani majeshi ya Kenya na ya Somalia yaliingia Kismayo mwaka 2012.

Mvuvi wa Kibajuni ni mwenye biashara hasa. Hupata chombo kwa taabu, hukusanya mabaharia, hutafuta nyavu na mishipi, kisha huenda baharini asijue kama atarudi na samaki au na njaa. Pato hugawanywa kwa mafungu: chombo na zana hupata fungu lao, nahodha lake, na mabaharia lao. Katika msimu wa kaskazi, ambapo bahari huwa na upole, wavuvi huenda dago. Yaani huhama na kupiga kambi mbali na kwao kwa majuma mengi, wakifuata samaki, kasa na kamba wa mawe. Katika siku hizo watoto hulelewa na mama, babu na majirani. Askari aliyepata kupelekwa kituo cha mbali anaijua hali hiyo bila ya kuelezwa.

Hata hivyo, tangu zamani kaskazi ilikuwa na mwisho wake. Ifikapo mwezi wa Mei au karibu yake, kusi huanza kuvuma kwa nguvu, na bahari ya nje huchafuka hadi karibu na Septemba. Vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba au huvutwa pwani. Hapo baba huwa nyumbani: hukwangua chombo, hutia kalafati, hupaka deheni na hushona nyavu. Mtoto hukaa kando yake akishika kamba, akiuliza na kujibiwa. Kwa maneno mengine, kusi ndiyo iliyokuwa kamanda wa mvuvi. Ilimtilia saini ruhusa yake, apende asipende, na hakuna tajiri aliyeweza kuitangua.

Yafaa tuyatazame mabadiliko yaliyoletwa na mashine. Injini, barafu na mkopo vimemwezesha mvuvi wa leo kufika mbali na kwa haraka zaidi. Lakini mkopo haujui kusi wala kaskazi. Siku ya kulipa ikifika hutaka fedha, ijapokuwa mawimbi yanapiga. Ndivyo ilivyo kwa kila biashara changa. Duka laweza kufunguliwa hadi usiku wa manane, na simu ya mteja yaweza kulia wakati wa chakula cha jioni. Kazi isiyo na msimu humfanya baba aishi dago mwaka mzima, hata kama analala nyumbani kwake.

Hasara ya jambo hilo si ndogo. Mwezi wa Januari mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka na Somalia kuingia katika vita, watu wengi wa visiwani walishambuliwa na kuporwa, nao wakakimbilia Kenya wakiwa na watoto wao. Wengi walipoteza vyombo na zana walizozichuma kwa miaka mingi. Kilichoweza kuvuka mpaka salama ni ule ujuzi uliokuwa umekwisha kukaa mikononi na vichwani: kuisoma bahari, kuziba chombo, kufunga wavu. Mali ya baba yaweza kuporwa kwa usiku mmoja, lakini kile alichomfundisha mwanawe msimu wa kusi hakiporwi.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sisi tunaongeza kuwa mvuvi hakuzishika mbili kwa pamoja. Alizishika kwa zamu. Basi askari anayekusudia kuanzisha shughuli yake na ajiwekee kusi yake mwenyewe. Kwanza, aandike katika daftari la biashara siku na saa za nyumbani, kabla ya kuandika bei ya mashine, na asikope kiasi kitakachomlazimisha kuzifuta. Pili, awafanye watoto kuwa fungu katika mgawo, wapate chao kabla ya chombo kula chote. Tatu, mtoto asifukuzwe penye kazi isiyo na hatari, maana kumfundisha mtoto hesabu ya duka ni kumlea na ni kujenga duka kwa wakati mmoja. Ila asitolewe shuleni kwa ajili hiyo.

Askari amezoea kutii amri iliyoandikwa. Akistaafu, hapana atakayemwandikia tena. Ruhusa ya kuwa baba itambidi aiandike kwa mkono wake mwenyewe, aitie saini, na aitii kama alivyozitii zilizotangulia.